Kasha la Clarkson: uzoefu wangu katika Makumbusho ya Wisbech

Huu ni mwaka wa sita naishi Peterborough, Uingereza, na kwa muda wote huo Wisbech kwangu ilikuwa ni mji wa vibarua tu, mahali ambapo watu wanadamka alfajiri kwenda kuchuma stroberi na kupanga matofaa kwenye masanduku. Jumamosi iliyopita nilimchukua mwanangu wa miaka tisa tukaenda huko kwa sababu ya kitu kimoja: kasha la Thomas Clarkson, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mnaoishi upande huu, maana hiki ni kitu cha kwenda kukiona kwa macho yako.

Usafiri ndio kero pekee niliyoipata. Treni za abiria ziliacha kwenda Wisbech tangu 1968, kwa hiyo ni basi. La kwenda lilifika kwa wakati. La kurudi lilituweka kituoni karibu saa nzima, na nchi ile ni tambarare tupu, upepo unakuja moja kwa moja bila kizuizi. Chukueni makoti mazito hata kama jua linawaka.

Makumbusho yako jirani na kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo. Jengo ni la 1847, na lilijengwa tangu mwanzo liwe makumbusho. Ndani kuna makabati ya mbao na vioo ya zamani, na unyamavu fulani unaomfanya mtoto ashushe sauti bila kuambiwa. Sikutozwa kiingilio, nikaacha mchango.

Clarkson alizaliwa mji huu mwaka 1760, baba yake akiwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo. Mwaka 1785, akisoma Cambridge, aliingia shindano la insha ya Kilatini lenye swali hili: je, ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao? Alishinda. Lakini aliyoyasoma yalikataa kumtoka moyoni, na akiwa safarini kwenda London alishuka kwenye farasi karibu na kijiji cha Wadesmill, akaketi kando ya njia akiwaza kwamba kama mambo haya ni ya kweli, basi lazima mtu ayakomeshe. Mwaka 1787 watu 12 waliunda kamati London ya kupinga biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa waumini wa Kanisa la Marafiki (Quakers), lile lile ambalo Wakenya wa Kaimosi wanalijua vizuri. Clarkson akawa mguu na jicho la kamati. Alizunguka bandari za Bristol na Liverpool akiwahoji mabaharia, akanunua pingu, na chombo cha chuma kilichotumika kupanua kwa nguvu kinywa cha mtu aliyegoma kula.

Ila kasha lenyewe lina hoja nyingine kabisa. Kwenye mto Thames alipanda meli iitwayo Lively, iliyotoka Afrika na pembe za ndovu, nta, mafuta ya mawese, pilipili na vitambaa. Akaanza kukusanya bidhaa kama hizo na kuzitembeza kwenye mikutano ndani ya kasha hili, awaonyeshe Waingereza kwamba watu wanaowauza kama mifugo ni mafundi na wafanyabiashara. Ya nini kununua watu, na bidhaa zao zipo?

Mimi ni fundi cherehani, mama yangu Tanga alikuwa fundi vilevile, kwa hiyo niliganda kwenye vitambaa. Pamba iliyosokotwa kwa mkono, ikafumwa kwa mkono. Niliinama hadi pua ikakaribia kioo, nikafuata mshindio, uzi wa kukingama, unavyoingia na kutoka kwenye mtande, nyuzi za urefu. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu asiyejua hesabu. Mwanangu akauliza, "Mama, nani aliifuma?" Nikamwambia jina la aliyekusanya linajulikana, jina la mfumaji halikuandikwa. Hakuridhika, na alikuwa na haki.

Tulipotoka tulikwenda kwenye mnara wa Clarkson karibu na daraja, uliojengwa 1880 hadi 1881, futi 68 kwenda juu, kwa mchoro wa George Gilbert Scott. Sanamu yake imesimama katikati. Chini kumechongwa Wilberforce na Granville Sharp, wenzake katika kupinga biashara ile, na Mwafrika mwenye minyororo anayeomba. Wazungu wawili wana majina. Yule wa tatu hana. Kama una watoto, wapeleke kwenye kasha kwanza ndipo uje hapa, wamwone Mwafrika fundi kabla ya kumwona Mwafrika anayebembeleza. Mpangilio huo kwangu ni muhimu sana.

Nilimweleza mwanangu pia kwamba sheria ya 1807 ilizuia biashara ya watumwa ya Waingereza, haikufika pwani yetu. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, miaka 27 baada ya Clarkson kufariki.

Muda ukiwapo, tembeeni kando ya mto Nene. Ng'ambo moja kuna Peckover House, nyumba ya 1722 iliyokuwa ya familia yenye benki, nao waumini wa Kanisa la Marafiki. Ng'ambo ya pili ndipo alipozaliwa Octavia Hill mwaka 1838, mmoja wa waanzilishi wa National Trust, shirika ambalo leo linaitunza nyumba ile. Maji ya mto yanakupwa na kujaa. Yalikuwa yamekupwa, tope jeusi limejianika, nikasikia harufu ya nyumbani.

Jumapili asubuhi nilimkuta mwanangu sakafuni na kikoi cha babu yake, anafungua tamvua moja, anahesabu nyuzi.