Uzoefu wangu: kufanya mtihani wa GRE nyumbani, Mtwara mjini

Kama wewe ni mhandisi uliyeko Kusini na unataka kuomba shahada ya uzamili Marekani, mtihani wa GRE (unaopima hisabati, lugha ya Kiingereza na insha kwa waombaji wa uzamili) wa kufanyia nyumbani unastahili hela yake, kwa sharti moja: idara unayoiomba iwe inautaka kweli. Tangu 2020 idara nyingi za uhandisi zimeacha kuudai. Nyingine huupokea kwa hiari, na zipo ambazo bila huo hata faili lako halifunguliwi. Ada ni dola 220, zaidi ya nusu milioni ya shilingi, kwa hiyo kabla ya kulipa soma masharti ya idara yenyewe, siyo ya chuo kwa ujumla. Anayeomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Nelson Mandela kule Arusha hauhitaji kabisa. Mimi baadhi ya idara nilizozichagua ziliudai, ndiyo maana nikajiandikisha.

Nianze na maandalizi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. ETS, wanaotunga mtihani huu, wanatoa majaribio mawili kamili bure yanayoitwa POWERPREP, na kwa kujikumbusha hisabati wanaelekeza watu kwenye masomo ya Khan Academy, ambayo nayo ni bure. Nilitumia hivyo viwili tu. Kuna kozi za kulipia za bei kubwa, na kwa mhandisi sioni zinaongeza nini. Jaribio la mwisho nyumbani lilinipa 164 kwenye hisabati. Mtihani wenyewe ukanipa 165. Kipimo kinachokaribia hivyo, tena cha bure, ni cha kushika.

Hisabati yake inawashangaza wahandisi. Hakuna kalkulasi, hakuna trigonometria. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na takwimu, mambo ya sekondari tuliyoyaacha zamani. Ugumu uko kwenye haraka na mitego. Chukua swali la aina hii: umeambiwa x² = 16, kisha ulinganishe x na 4, kipi kikubwa? Mkono unakimbilia "sawa", lakini x inaweza kuwa −4, kwa hiyo jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Maswali ya kulinganisha ya namna hiyo ni mengi, na dawa yake ni kujaribu sifuri, namba hasi na sehemu kila mara kabla ya kubofya. Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye basi la kazini asubuhi, kuelekea Madimba, nikiwa nimeandika maswali kwenye daftari ili nisile bando.

Upande wa lugha ni mgumu kwetu, tusijidanganye. Maneno yake siyo ya kwenye vitabu vya mitambo. Lakini idara za uhandisi kwa kawaida hutazama zaidi hisabati, kwa hiyo gawa muda wako ukilijua hilo. Insha ni moja ya dakika 30, na mahali pa kuandikia hapana kisahihishi cha tahajia.

Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa kutoka karibu saa nne hadi saa moja na dakika 58. Kwa mtu anayefanyia nyumbani kwenye umeme wetu na mtandao wetu, mabadiliko hayo ni neema kubwa. Tena unaweza kuchagua saa yoyote ya mchana au usiku. Nilichagua saa nane usiku. Mtandao unakuwa mwepesi, bodaboda zimelala, na hakuna mtoto atakayesukuma mlango kuulizia chaja.

Masharti ya chumba ni makali na nayaunga mkono, maana bila hayo matokeo yasingeaminika. Uwe peke yako, mlango umefungwa, umekaa kwenye kiti mbele ya meza, masikio yanaonekana, hakuna spika za masikioni. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unaruhusiwa ubao mdogo mweupe wenye kalamu ya kufutika, au karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Ubao nilioupata sokoni ulikuwa wa watoto, una alfabeti pembeni, nikaubandua ule ukingo wenye herufi ili asitokee wa kuuliza. Mwisho wa mtihani unaufuta mbele ya kamera. Tableti hazikubaliki, ni kompyuta kamili.

Nyumba ninayopanga Magomeni ya hapa Mtwara ina kisima uani, na wapangaji huanza kuchota maji kabla ya alfajiri. Siku moja kabla nilikwenda kwa bibi mwenye nyumba.

"Shikamoo bibi. Kesho usiku nina mtihani kwenye kompyuta, naomba pawe kimya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtihani usiku wa manane? Haya. Nitawaambia wasiguse ndoo mpaka adhana."

Na kweli hawakugusa. ETS hawaelezi jambo hili popote, lakini kwenye nyumba za uswahilini ndilo la kwanza kulipanga.

Msimamizi, anayekutazama kupitia kamera ya kompyuta, aliniomba nizungushe kompyuta chumba kizima, nionyeshe juu ya meza na ubao pande zote mbili. Nilimwonyesha pia taa ya sola niliyoiweka pembeni, nikamweleza ni ya dharura. Katikati ya sehemu ya pili ya hisabati umeme ulikatika. Kompyuta ilikuwa na chaji, laini ya mtandao ilikuwa kwenye kiruta chenye betri yake, nikawasha ile taa nikaendelea. Mwenye kutegemea ruta ya ukutani asijaribu bila betri ya akiba. Alama za lugha na hisabati unaziona palepale ukimaliza. Matokeo rasmi hutoka ndani ya siku 8 hadi 10.

Kuna mengine ya kutayarisha mapema. Mimi nilitumia pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, na jina ulilojiandikishia lazima lifanane na lililomo humo. Wengi wetu tuna jina la baba hapa, la babu pale, vyeti vinasema hivi na kitambulisho vile. Yanyooshe kwanza. Na acha nafasi ya kutosha kabla ya tarehe za mwisho, ambazo kwa vyuo vingi vya Marekani huangukia Desemba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Kusini ilikatika Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu. Kwa kipindi kile usingefika Dar kwa basi, na ukikaa nyumbani mtandao unasuasua. Ambaye ada yake inategemea mnada wa korosho wa Oktoba au Novemba aitunze ya msimu uliopita.

Nisingependa mtu adhani alama ya GRE ndiyo inayobeba maombi. Barua ya malengo ina uzito kuliko huo mtihani, na hapo sisi wa huku tuna la kusema. Niliandika kuhusu kutu kwenye mabomba na vali karibu na bahari: chumvi inavyoingia chini ya rangi, tunavyopima unene wa chuma, na swali ninalotaka kulitafiti. Profesa mmoja alinijibu kwa sababu ya aya hiyo, akauliza vipimo, hakugusia alama. Barua za mapendekezo nazo ziombe mapema, umtumie mwalimu wako nakala ya barua ya malengo na transkripti, maana ana wanafunzi wengi na hawezi kukumbuka mradi wako wa mwaka wa nne. GPA yetu ni ya kipimo cha 5, yao ya 4, basi iandike na kipimo chake, 3.8 kati ya 5.

Alama zinatumika miaka mitano. Ile ada inajumuisha kutuma matokeo kwa vyuo vinne, lakini unavichagua siku ya mtihani. Ukitaka kuongeza baadaye, kila kimoja kinalipiwa. Jua vyuo vyako vinne kabla hujakaa mezani.