Kiwanda cha Kukamua Zeituni cha Kijijini: Tathmini Baada ya Misimu Mitatu

Kwa mwaka wa tatu mfululizo, mwezi wa Novemba umenikuta nimesimama mbele ya mizani ya kiwanda cha kukamua zeituni katika kijiji kidogo cha vilimani, kati ya Trevi na Spoleto, mkoani Umbria, katikati ya Italia. Ninaishi hapa kwa kazi ya kumtunza bibi mmoja mwenye mizeituni 40 nyuma ya nyumba yake, na kwa kuwa miguu haimruhusu tena kushuka bondeni, kazi ya kuvuna, kupeleka na kusimamia ukamuaji imeniangukia mimi na mpwa wake. Waswahili wengi tulioko Italia tunafanya kazi katika nyumba za namna hii, na huenda siku moja ukakabidhiwa kreti za zeituni na kuambiwa uzipeleke kwenye frantoio, kama wenyewe wanavyokiita kinu chao, bila maelezo zaidi. Ndiyo maana naandika.

Kiwanda hiki hakinunui zeituni zako. Unachokilipia ni ukamuaji tu, kwa uzito wa zeituni ulizoleta, na mafuta unaondoka nayo, sawa na mashine za alizeti kule Singida. Tofauti iko kwenye mashudu. Kwetu mashudu ni mali inayogombaniwa kwa ajili ya mifugo, ilhali hapa yanabaki kiwandani, na vipande vya kokwa vinavyochekechwa humo ndivyo vinavyochomwa kwenye tanuri la kupashia maji. Mwaka huu tulitozwa euro 18 kwa kila kilo 100, bei ambayo naiona ya haki kwa kazi niliyoiona ikifanyika.

Mapokezi ni mazuri kuliko unavyotarajia mahali penye kelele nyingi kiasi kile. Mzee wa mizani haridhiki na kupima tu: anazamisha mkono katikati ya kreti hadi kwenye kifundo, anautuliza humo kidogo, kisha anautoa na kuitikia kwa kichwa. Anatafuta joto, kwa kuwa zeituni zilizorundikana siku nyingi huanza kuchacha na kupata moto kwa ndani, na mafuta yake hutoka na harufu ambayo mashine yoyote haiwezi kuiondoa. Mbele yangu alimwambia jirani mmoja, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba mavuno yake yalikaa mno kwenye mifuko ya plastiki na kwamba yangekamuliwa ya mwisho, mbali na ya wengine. Tangu siku hiyo mimi hutumia kreti zenye matundu peke yake, na zeituni nilizozichuma hazilali nyumbani zaidi ya usiku mmoja.

Baada ya mizani unaruhusiwa kufuata zeituni zako hatua kwa hatua, na hili ndilo linalonirudisha kwenye kiwanda hiki badala ya kile kikubwa kilichoko barabara kuu, ambako unakabidhi mzigo na kupewa risiti. Majani hupeperushwa, zeituni zikaoshwa, zikasagwa pamoja na kokwa zake, kisha rojo lake likakorogwa polepole ndani ya mapipa yaliyofunikwa kwa muda wa dakika 30 hadi 40. Kila pipa lina kipimajoto kinachosomeka kwa nje, na chetu hakikupanda zaidi ya nyuzi 26. Jambo hili si dogo, kwani sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu mafuta kuitwa ya kukamuliwa kwa baridi iwapo joto limepita nyuzi 27. Mwishoni mashine inayozunguka kwa kasi hutenganisha maji, mashudu na mafuta, na pale kwenye bomba dogo, baada ya kusubiri hadi unadhani mambo yameharibika, unatokeza uzi mwembamba wa kijani kibichi, mzito kama maji ya kisamvu kilichotoka kinuni. Kilo zetu 452 zilitupatia kilo 63 za mafuta, yaani karibu asilimia 14. Walituchukulia kipimo cha asidi bila malipo, tukapata asilimia 0.2, ilhali kiwango cha juu kwa mafuta ya daraja la kwanza ni asilimia 0.8.

Chumba cha kusubiria ni sehemu ya huduma, ingawa hakimo kwenye risiti. Mwishoni mwa Novemba giza huingia saa kumi na moja jioni, baa ya kijiji hufungwa mapema, na taa za kiwanda ndizo pekee zinazowaka hadi usiku wa manane. Kuna meko ya kuni, benchi mbili ndefu, na mkate unaobanikwa juu ya makaa, ukasuguliwa kitunguu saumu na kumiminiwa mafuta yaliyotoka bombani dakika hiyo hiyo. Mkate wa Umbria hautiwi chumvi, kwa hiyo nyunyiza mwenyewe, na usishangae mafuta mapya yakikukereketa koo hadi ukohoe, kwani hiyo ni dalili kwamba yangali na nguvu zake. Ukutani wametundika majamvi ya duara yaliyosukwa, yenye tundu katikati, ambamo rojo lilipakwa na kugandamizwa kabla ya mashine za sasa. Mimi mtoto wa Tanga niliyatambua mara moja: ni ndugu wa kifumbu cha mama yangu. Nilipowaeleza wazee wa benchi jinsi tunavyokamua tui, mmoja alinyanyuka, akaliteremsha moja na kunipa nilishike.

Sasa niseme yanayoniudhi. La kwanza ni miadi. Tulipangiwa saa tatu usiku tukakamuliwa saa saba, na hakuna aliyepiga simu kutuarifu, ingawa namba yetu waliiandika. Ninaelewa kwamba mvua ikikatika kila mtu huvuna siku moja, lakini mtu aliyemwacha mgonjwa nyumbani anastahili taarifa. La pili ni zito zaidi. Mzigo ulio chini ya kilo 250 haukamuliwi peke yake bali huchanganywa na wa majirani, kisha mafuta hugawanywa kwa uzito. Mwaka wangu wa kwanza tulivuna kilo 190, tukachanganywa. Bibi aliyaonja akanyamaza. Mizeituni yake iliuawa na baridi kali ya Januari 1985, ikakatwa hadi kwenye kisiki, na yeye na marehemu mumewe wakailea upya kutokana na machipukizi, ndiyo maana kila mmoja una mashina matatu. Mafuta anayoyataka ni ya miti hiyo. Kiwanda kingeweza kutenga siku moja ya wiki kwa wenye mizigo midogo, hata kwa bei ya juu kidogo, na naamini wazee wengi wangeilipa.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: panga miadi mwanzoni mwa Oktoba, safisha madumu yako na kuyakausha kabisa, na usiondoke kwenye bomba hadi litakapokoma kutiririka. Mashine haioshwi kati ya mteja mmoja na mwingine, hivyo matone ya mwanzo ni ya aliyekutangulia, na yako ya mwisho atayapata anayekufuata. Wenyewe hawafichi jambo hili ukiwauliza.

Niliporudi nyumbani usiku ule, Bibi alikuwa bado macho. Hakuuliza kilo. Alitaka kujua nani alikuwa kwenye benchi, nani bado anakohoa, na nani mwaka huu hakuleta zeituni, na nilipomtajia nyumba mbili ambazo hazikuonekana, aliniagiza nizipelekee chupa mojamoja asubuhi kabla ya kumwagia chochote kwenye pipa letu.