Propranololi: dawa imenifaa, muuzaji kanichefua

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo, nianze na hilo.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja hapa Mbeya. Kila mkutano mkuu lazima nisimame nisome mapato na matumizi mbele ya wanachama. Hesabu zangu zimenyooka, mkaguzi hajawahi kunikuta na doa. Ila nikishika karatasi tu, inapepea. Sauti inakatika, moyo unadunda mpaka blauzi inacheza. Na jamani, mhasibu akitetemeka wakati anasoma hesabu, hakuna anayesema huyu ana woga. Wanasema kala hela. Kuna mzee wa safu ya mbele nilimsikia kabisa akimwambia mwenzake, "Mtazame mikono huyo binti." Niliumia, sijui hata nieleze vipi.

Daktari hakunicheka. Alipima presha, akasikiliza mapigo, akauliza kama nina pumu, kisukari au ujauzito. Akaandika propranololi, nusu ya kidonge cha miligramu 40, nimeze kama saa moja kabla ya kusimama, siku ya mkutano tu. Akaniambia niijaribu kwanza nyumbani siku ambayo sina shughuli.

Sasa njooni dukani. Mwanjelwa, jioni, watu wamejaa kaunta. Kijana kapokea cheti, kanitazama juu mpaka chini, halafu kwa sauti ya mnadani: "Dada, hii si ya presha ya wazee? Wewe presha umeitoa wapi? Au ndo mambo ya wasiwasi? Wasiwasi dawa yake maombi!" Watu wakacheka. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mwanachama wetu. Akanisalimia "Ugonile" huku macho yake yako kwenye cheti changu. Hivi ugonjwa wangu unamhusu nini yule mama? Mimi naomba na kanisani naimba kwaya, sikwenda pale kutafuta mchungaji.

Na hii si dawa ya kubahatisha. James Black wa Uskoti aliitengeneza miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa moyo, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Inazuia adrenalini, ile homoni ya mshtuko, isiukimbize moyo wala kutetemesha mikono. Ndiyo maana wachezaji wa kulenga shabaha wamekatazwa kuitumia kwenye mashindano. Kijana wa duka la dawa hajui hilo?

Lakini kucheka ningesamehe. Nimefika nyumbani, nafungua kile kibahasha cha kaki, nakuta kaandika kwa kalamu nyekundu: 1x3. Kidonge kizima, asubuhi, mchana, jioni! Cheti kilisema nusu, tena siku moja. Miligramu 20 kazigeuza 120 kila siku. Vidonge vyenyewe kavikata kwa mkasi, tarehe ya kuisha imebaki dukani kwake. Na mdomo wote ule, hakuniuliza hata mara moja kama nina pumu. Mdogo wangu ana pumu. Dawa hii inaweza kumbana mtu kama yeye njia za hewa, na ile salbutamoli, dawa yake ya pumu ya kuvuta, isimsaidie inavyotakiwa. Angekuwa ni yeye aliyefuata kibahasha? Au mtu akameza hivyo wiki kadhaa, mapigo yakashuka, akaanguka, au akaacha ghafla moyo ukaja juu?

Mkutano ulipofika nilifuata cheti. Hofu kichwani ilikuwepo vilevile, wala msidanganywe kwamba inaondoka. Ila karatasi ilitulia. Nilisoma kurasa zote, sauti moja, hadi salio la mwisho, na yule mzee akauliza swali la riba nikamjibu nikimtazama usoni. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Naipa alama zote.

Au hapana, siyo zote. Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya mnaijua, na dawa hii inapunguza damu kwenye vidole. Vyangu viligeuka barafu, na jioni nilichoka kupita kawaida. Tena woga wenyewe haujatibiwa, umezibwa mdomo kwa saa chache. Hilo daktari naye amekiri, tumekubaliana nionane na mshauri nasaha. Lakini kwa siku ile? Alama zote, narudia.

Nilirudi dukani na kibahasha na cheti. Mwenye duka akavitazama vyote viwili, akasema, "Samahani mama, kijana bado anajifunza." Kijana mwenyewe yuko pembeni anahudumia mtu mwingine, anaandika kibahasha kingine. Nikamwambia yule mteja, mbele yao, alinganishe na cheti chake kabla hajatoka. Kibahasha changu nimekipiga picha, na wiki hii nakipeleka kwa mfamasia wa jiji.