Kundi la WhatsApp la wazazi wa watoto wenye SS, Lubumbashi: uzoefu wangu

Binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa kwetu wengi tunauita SS tu. Tulipopata majibu ya kipimo, karibu kila aliyekuja kutupa pole alisema lile lile: watoto hawa hawafiki mbali. Niliishi na maneno hayo hadi mama mmoja tuliyekaa naye foleni ya maabara aliponiingiza katika kundi hili la wazazi na wagonjwa wenyewe.

Kilichonigusa kuliko vyote ni ujumbe wa sauti wa watu wazima wenye SS. Kuna fundi cherehani wa Katuba, mama wa watoto wawili, ambaye hurekodi huku cherehani ikilia. Anaeleza anavyokunywa maji kabla kiu haijamshika, anavyovaa soksi mbili asubuhi za Juni, na anavyojua kwamba leo mwili umekataa, kazi isubiri. Wala hakuja kunibembeleza. Alikuwa anasimulia siku yake, nami nikasikia mtu aliyekwisha kuupita umri ambao niliambiwa mwanangu hataufikia. Siku hizi nikiongea na binti yangu nasema "ukimaliza shule".

Jambo la pili ni lawama. Kwa wakwe ilisemekana ugonjwa umetoka upande wangu. Kijana mmoja wa maabara aliyemo kundini alieleza taratibu: baba AS na mama AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa bila kuugua mwenyewe, basi kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto SS. Mume wangu alisikiliza mara mbili, kisha akawapigia ndugu zake simu mwenyewe.

Baridi ya Juni na Julai ikiingia, tunakumbushana sweta, maji ya kutosha, na kwamba homa ikipanda ni hospitali usiku huo huo, kwani wengu wa watoto hawa huharibika mapema na maambukizi huwaelemea haraka.

Lakini kuna mambo yananiumiza. Mtoto akifariki, picha za mishumaa hujaa siku nzima, na mzazi mwenye mtoto kitandani anazisoma kana kwamba zinamhusu wake. Rambirambi zipewe kundi lake. Tena wapo wauza unga wa mizizi wanaodai kugeuza SS kuwa AA, yaani damu isiyo na ugonjwa huu. Huo ni uongo mtupu, na wasimamizi huchelewa kuwatoa. Mzazi mmoja alimwachisha mtoto hidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu ya SS, kwa ajili ya unga huo, maumivu yakarudi kwa nguvu. Dawa ile inahitaji daktari na vipimo vya damu. Kiasi cha kumeza hakiulizwi kundini.

Bado ningemwingiza mzazi yeyote aliyepewa majibu wiki hii. Zima mlio wa simu usiku, na kabla ya kusoma chochote, tafuta zile sauti za watu wazima.