Rangi ipi ununue kuta zikichakaa na fedha ni kidogo

Fedha zikiwa chache, heri rangi nzuri ya chumba kimoja kuliko rangi hafifu ya nyumba nzima. Rangi hafifu imejaa maji na chokaa, gundi yake kidogo. Utapiga mikono minne, yaani utapaka mara nne, na weusi wa zamani bado unachungulia. Nzuri hufunika kwa mikono miwili. Kwa hiyo piga hesabu ya ukuta uliokamilika, usiangalie bei ya kopo.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya maji yenye mng'ao, silki. Inaosheka. Alama za vidole karibu na swichi na mafuta ya jikoni hutoka kwa kitambaa na sabuni kidogo, na ndiyo maana sebule, korido na jikoni zinaihitaji. Ila mng'ao huumbua kila bonde la plasta, hasa mwanga wa dirisha ukipiga ukuta kwa ubavu. Ziba kwa puti, piga msasa, ndipo upake.

Ya pili ni rangi ya maji isiyong'aa. Mara nyingi huwa nafuu zaidi, na huficha mabonde vizuri. Dari iwe hii, na vyumba vya kulala vya watu wazima. Ukiisugua sana hubaki na alama, basi usiipeleke wanakocheza watoto.

Rangi ya mafuta ni ya tatu: milango na fremu tu, kopo dogo linatosha. Ni ngumu, lakini harufu yake haiondoki haraka, brashi inataka kuoshwa kwa tineri, na nyeupe yake hugeuka manjano. Rangi ya mafuta ya miaka mingi iliyopita huenda ina madini ya risasi. Usiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Chokaa naiweka mwisho ingawa ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Inashika nguo za kila anayeegemea, na siku ukitaka rangi ya maji juu yake lazima uikwangue kwanza.

Kabla ya kwenda dukani, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, rangi yoyote utakayonunua itabanduka nao. Osha, acha ukauke, kisha paka praima, rangi ya chini inayoshikisha ile ya juu. Madoa ya maji yaliyovuja na masizi nayo yana praima yake ya kuzuia madoa, maana rangi ya maji ikipakwa juu yake moja kwa moja, doa hujitokeza tena. Paka penye doa tu. Ukuta ukiwa bado na unyevu, fedha za rangi ziende kwanza kwenye bomba au paa.

Kiasi: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita za mraba 34. Mikono miwili ni lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Yachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwani makopo ya jina moja huweza kutofautiana kidogo. Na muulize muuzaji kama ana rangi iliyokorogwa kimakosa ikakataliwa na mteja. Mara nyingi huiuza kwa punguzo kubwa, na ubora wake ni uleule.