Dada mkubwa si "large": uzoefu wangu na programu ya Kiingereza niliyolipia mwaka mzima

Nilikuwa nataka niipe nyota tatu hii programu ya simu ya kujifunza Kiingereza, maana sauti zake zinasikika vizuri, haili bando, na kwa anayeanza kabisa nadhani inamfaa. Ngoja kwanza niwaambie yaliyonikuta.

Mimi naongoza watalii huku Arusha, Kiingereza ndo jembe langu. Miezi kadhaa iliyopita nikalipia ile ya mwaka, hela si kidogo, nikawa nafanya mazoezi kila usiku kabla ya kulala. Kuna somo la ukubwa, wanakuletea big, large, great, huge, enormous, vast, immense, massive, na mbele ya kila neno wameandika "kubwa" au "kubwa sana", basi, imeisha hiyo. Halafu jaribio: tafsiri "dada yangu mkubwa". Nikaandika my large sister. Ting! Tiki ya kijani na pointi zikapanda.

Sasa siku hiyo niko na wageni, familia ya Waingereza, tumeshuka kreta ya Ngorongoro tumefika pale Ngoitokitok kwa lanchi, viboko wako majini, mwewe wanazunguka juu wanataka kuku wa watu, tunapiga stori, mmoja akaniuliza nani alinisomesha. Nikatoa simu nikawaonyesha picha ya dada, nikasema kwa fahari kabisa, this is my large sister, she paid my school fees. Kijana wao akacheka mpaka juisi ikamtoka puani, baba yake akamkanyaga mguu. Mimi nimesimama na simu mkononi sijui kinachochekwa ni nini.

Bibi yao, mwalimu mstaafu, ndo alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kuwa large ukimwambia mtu ni habari ya mwili, yaani nimewatangazia dada yangu ni bonge. Dada mkubwa ni big sister au elder sister. Jamani. Dada aliyeuza ndizi soko la Tengeru jua na mvua ili mimi nisome, namtambulisha kwa wageni hivyo? Iliniuma na bado inaniuma.

Basi tukakaa na yule bibi kama nusu saa, na nilichojifunza pale sijakipata kwenye programu hata siku moja. Vast ni upana wa eneo, na kwenye Kilatini neno lenyewe lilibeba utupu ndani yake, kwa hiyo mbuga ya Serengeti ni vast ila tembo hata awe vipi hawezi kuwa vast, huyo ni huge au enormous. Enormous asili yake ni kitu kilichotoka nje ya kawaida, immense ni kisichopimika. Massive ina uzito ndani yake, fikiria mwamba au mbuyu. Colossal imetoka kwenye neno la Kigiriki la sanamu kubwa mno, kama ile ya zamani ya kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, iliyoangushwa na tetemeko. Na great si ukubwa wa kupima kwa futi, ina hadhi, ndo maana nyumbu wakihama tunasema Great Migration, ukisema big migration mgeni atakuelewa lakini utamu umeshaondoka.

Akaniuliza, na nyie je? Nikakaa nikawaza, kumbe na sisi tunayo hayohayo. Tunasema Maziwa Makuu, nani amewahi kusema Maziwa Makubwa? Mkuu wa shule anaweza kuwa kijana mwembamba kama fito na bado ni mkuu. Mtu mkubwa ni mtu mzima au mwenye cheo, jitu ni kitu kingine kabisa, na ukimwita mtu hivyo jiandae kwa ugomvi. Kwa hiyo aliyeandika lile somo anaijua tofauti, anaiongea kila siku nyumbani kwake, ila kuandika mistari miwili mitatu ya maelezo ameona kazi.

Nikawatumia huduma kwa wateja skrini shoti na maelezo marefu, kwa heshima zote, hata salamu nilianza nayo. Siku tatu nne kimya, halafu jibu: "Kaka, unataka uprofesa au unataka kuongea? Kubwa ni kubwa." Hakuna samahani, hakuna tutarekebisha. Mtu nimewalipa! Na mnaniita kaka kwa dharau namna hiyo?

Nilisema inamfaa anayeanza, naondoa hilo neno. Anayeanza ndo msimpe kabisa, maana mimi nilipata bibi wa kunisahihisha, yeye nani atamwambia? Ataenda nayo mpaka kwenye intavyuu ya kazi. Sauti ni nzuri, sikatai, lakini sauti nzuri inayokufundisha kumtukana dada yako ya nini? Nyota moja.

Na kabla sijaandika hapa nimeifungua tena, nikasema labda walisikia wakarekebisha kimyakimya, nisije nikawaonea. Nikaandika my large sister. Ting, kijani.