Mawinga wa Kariakoo: uzoefu wangu wa kununua simu mara mbili

Binti yangu alipopata chuo Dodoma, niliamua kumnunulia simu mpya yenye GB 128, ya kumfaa kwa notsi na kazi za darasani. Nilikuwa na laki nne. Kariakoo naijua tangu usichana wangu, ila nilizoea kwenda kwa madaftari, kanga na sare za shule. Simu ya bei hiyo sikuwahi kununua pale. Jumamosi saa nne asubuhi nikashuka mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi, nikakata kuelekea mtaa wa Aggrey, ambako maduka ya simu yamebanana ukuta kwa ukuta.

Sikupiga hatua hamsini. "Mama yangu, karibu. Simu? Kuangalia ni bure."

Kwa msioishi Dar: huyu ni winga. Hana duka, na hana mshahara. Anakupokea barabarani, anakupeleka kwenye fremu ya mtu, yaani chumba cha duka, na bei utakayotajiwa ina vipande viwili, cha mwenye duka na cha juu ambacho ni chake. Usiponunua, saa nzima aliyotembea na wewe imepotea bure. Ndiyo maana hakuachi. Hilo nimelielewa baadaye. Siku ile niliona kijana mpole aliyeninyanyulia mfuko.

Njiani akaniuliza maswali ya kawaida kabisa. Simu ya nani? Unasafiri nayo? Umejipanga na shilingi ngapi? Nikajibu yote. Nikamwambia ni ya binti anayekwenda chuo, nina laki nne, na anaondoka Jumatatu. Mazungumzo yale nimeyarudia kichwani mara nyingi, na naamini simu ile niliinunua pale pale barabarani kabla sijaiona. Mtu akishajua siku yako ya mwisho na kiasi ulichonacho, yeye ameshika mpini na wewe umeshika makali.

Tulipanda ghorofa ya tatu, ujia mwembamba, fremu ndogo yenye kiti kimoja. Nikakalishwa, nikapewa maji ya baridi. Nilipomuuliza muuzaji bei ya simu niliyoiona kwenye kioo, hakunijibu. Alimwangalia winga kwanza. Yule winga ndiye aliyenijibu: ya laki nne imeisha asubuhi hii hii, ila ipo hii hapa, ndugu yake, 480,000, na kwa mwanafunzi ndiyo yenyewe.

Nikasema ngoja nifikirie. Nilipoinua macho boksi limeshachanwa plastiki, simu imewashwa, na kijana wa pembeni anabandika protekta ambayo sikuiomba. "Nimeshakufungulia, mama." Aliitamka kwa sauti ya mtu aliyenifanyia hisani.

Nikasema bei ni kubwa kwangu. Akashusha hadi 470,000. Nikasema nataka kwanza niongee na baba yake. Akasema mpigie hapa hapa nimweleze mimi mwenyewe. Nikasema sikubeba taslimu ya kutosha. Akageuza kibao cha Lipa Namba, cha kulipia kwa simu, kikanitazama. Nikasema nitarudi mchana. Akauliza, kwa huzuni kabisa, "Kwani mimi nimekukosea nini, mama yangu?"

Hapo nikashindwa. Nimelelewa kwamba mtu akikukaribisha kwa adabu, unamjibu kwa adabu, na ukikataa unatoa sababu. Kijana yule hakunitukana wala kunishika mkono. Alichofanya ni kuichukua kila sababu yangu na kuitafutia jibu, hadi sababu zikaniishia nikabaki nimekaa kwenye kiti chake, nimekunywa maji yake. Nikalipa 465,000. Jina lililotokea kwenye simu yangu nilipothibitisha malipo lilikuwa la mtu binafsi, wala halikufanana na jina la duka lililoandikwa juu ya mlango. Nilipoomba risiti nikaambiwa ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inapandisha bei, nikapewa karatasi ya mkono.

Wiki iliyofuata nilipita mtaa ule ule nikiwa na shughuli nyingine. Duka la chini, linalotazama barabara, lilikuwa na simu ile ile, rangi ile ile, GB zile zile, kwa 395,000 bila kupunguziwa. Tofauti ni shilingi 70,000. Pesa hiyo inatosha nauli ya basi ya binti kwenda Dodoma na kurudi.

Haki isemwe, simu yenyewe ni nzima na binti anaitumia hadi leo. Tulipiga *#06#, tukatuma namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, kwenda 15090, majibu yakaja sawasawa, aina iliyoandikwa ndiyo tuliyonunua. Nakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki, jirani yangu aliamka asubuhi mkononi ana kipande cha plastiki. Kwa hiyo kwa hilo nilishukuru. Lakini mtu anaweza kukuuzia kitu halali kwa njia inayokuumiza, na mimi niliumia. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa fedha peke yake. Niliona heshima yangu imetumika kama kamba ya kunifungia.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu. Yeye anauza vitenge Morogoro na kila baada ya wiki mbili yuko Kariakoo kufunga mzigo. Nilipomsimulia hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Ulimweleza?" Nikasema nilimweleza. "Basi. Usimweleze. Ukisema ghali, atapunguza. Ukisema huna hela, atakutafutia njia ya kulipa. Ukisema mume, atataka kuongea na mume. Sema sinunui, halafu tembea."

Mama yangu mzazi alipotaka simu ya kuwaona wajukuu kwa video, tulikwenda pamoja na wifi. Nilimtazama anavyotembea. Hasimami. Anaitikia salamu zote, maana salamu ni salamu, lakini miguu inaendelea. "Salama kaka, sinunui, ahsante." Hamtazami mtu usoni kwa ukali, hamnunii. Akiulizwa kwa nini, anarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mara ya pili wanamwacha. Winga mmoja siku hiyo aliponishika mimi mkono, wifi alisimama, akasema "Mwachie" mara moja, bila kupaza sauti, na kijana akauachia. Hii ya kushikana mikono siikubali kwa winga yeyote, awe mpole namna gani, na akina mama wenzangu nawaomba tusiichukulie kama desturi ya soko.

Jambo jingine alilonikataza ni kupokea kitu mkononi. "Ukishika, mkono umeshaanza kununua." Mwanzoni niliona anazidisha. Kisha nikakumbuka ile simu ya kwanza ilivyowekwa kwenye kiganja changu ikiwa inawaka, na nilivyoona vigumu kuirudisha.

Kabla hatujamwonyesha mtu yeyote kwamba tunanunua, tuliingia maduka matatu ya chini na kuuliza bei ya aina moja, jina kamili tumeliandika kwenye karatasi. Bei zikawa 215,000, 210,000 na 230,000. Dakika ishirini tu. Ningeyafanya haya ile Jumamosi, winga wangu asingekuwa na mahali pa kuninyanyulia bei. Bajeti hatukuitaja popote. Tulipoulizwa "una shilingi ngapi?" wifi alijibu "niambie wewe unauza ngapi", akanyamaza, na akaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko muuzaji. Ule ukimya mimi bado najifunza.

Mambo ya malipo aliyasema mlangoni, kabla boksi halijaguswa: plastiki haifunguliwi hadi tukubaliane bei, namba ya IMEI ya kwenye boksi ilingane na ya ndani ya simu, protekta na kava hatuhitaji, na risiti ni ya EFD yenye kiasi kile kile tunacholipa. Muuzaji wa kwanza aliposikia risiti akaanza kuzungumzia bei mbili, ya risiti na isiyo ya risiti. Tukatoka. Kodi ya ongezeko la thamani inatakiwa iwemo kwenye bei anayonitajia, na mimi kama mnunuzi sheria inanitaka nidai risiti. Halafu kwa mtu wa kawaida kama mimi risiti ile ndiyo mdomo wangu. Simu ikizima baada ya siku tatu, karatasi ya mkono isiyo na jina la duka haitanisaidia kitu.

Sasa niseme na hili, kwa sababu sipendi kuwapaka mawinga wote tope moja. Siku ile ya pili tulimpata winga ambaye ningemtumia tena kesho. Kijana mdogo, labda umri wa mwanangu wa kwanza. Wifi alimwambia sinunui, naye akajibu, "Sawa mama, lakini mkikwama aina hiyo ipo duka fulani, bei yao 205,000. Nikiwapeleka mnipe mimi elfu tano yangu, dukani mlipe wenyewe." Alisema bei ya duka na bei yake, kila moja mahali pake, hapo barabarani, kabla hatujapiga hatua. Sikuwahi kusikia hivyo.

Tulimfuata. Duka liko chini, jina la mlangoni ndilo lililotokea kwenye Lipa Namba. Nilimuuliza muuzaji bei, naye akanijibu mimi, macho yake kwangu, 205,000. Wifi akakagua IMEI, mashine ya risiti ikalia, nikaikunja risiti nikaitia ndani ya boksi. Kijana muda wote alisimama nje ya mlango, hakuongeza neno.

Mawinga hawa wanaamka alfajiri kama sisi, wana kodi za vyumba na wadogo zao wa kusomesha, na mgeni wa Kariakoo asiyejua fremu ipi ina nini anamhitaji mtu wa kumwongoza. Kazi hiyo ina thamani na niko tayari kuilipia. Ninachokataa ni kufichwa bei na kubanwa kwenye kiti hadi nione haya kuondoka. Huduma ya yule wa kwanza simshauri mtu.

Yule wa pili nilimpa elfu saba badala ya tano. Akazihesabu, akanirudishia elfu mbili, akasema tulikubaliana tano. Nikamwambia hiyo mbili ni ya chai, ndipo akaipokea. Namba yake ninayo. Mwezi ujao nataka mapazia ya sebuleni, na asubuhi nitakayokwenda nitampigia kabla sijapanda mwendokasi.